Mabanda ya farasi njia ya Pangani, Tanga: kama farasi wako ana haraka mpeleke, kama unataka picha tu usijisumbue

Nyota nne. Ya tano nimebaki nayo, sababu ntazisema huko chini.

Watu wengi wa Tanga hata hawajui kama kuna sehemu hapa kwetu unaweza kupeleka farasi akafundishwa, sie tumezoea baiskeli na bajaji, farasi tunawaona kwenye TV basi. Sehemu yenyewe siyo hoteli wala siyo klabu ya wakubwa, ni mabanda ya kawaida ya mbao na bati, ukitoka mjini unashika njia ya Pangani, kabla hujafika Tongoni kwenye magofu kuna njia ya vumbi inaingia mkono wa kulia katikati ya mkonge, unaifuata tu mpaka uanze kusikia harufu. Bango hawana, na jina lao siweki hapa maana wenyewe wameniomba, wamechoka na maharusi wanaokuja na shela wakapige picha juu ya farasi dakika kumi halafu hao wanaondoka.

Ilivyokuwa ni kwamba shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alinunua farasi jike kwa mtu aliyekuwa anahama, kwa bei nzuri mno, bei ambayo ilitakiwa itushtue. Shemeji mwenyewe kupanda hajui, mie ndo najua kidogo maana nilisoma Arusha na nilikuwa na rafiki kwao wana farasi, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Farasi mzuri kweli kumtazama. Ila ukishampanda unajua kwa nini aliuzwa. Hujakaa sawa kwenye tandiko ameshaondoka. Umwambie atembee, anatembea kwa kuruka ruka anataka kukimbia, umtie kwenye troti, ile mbio ndogo ya kudunda, basi kila raundi anaongeza kasi, shingo juu, masikio karibu yakuguse pua, mgongo umekakamaa, mkia unachapa kulia kushoto, na ukivuta hatamu ndo kwanza anazidisha. Masaisi wa pale, yaani watunza farasi, siku anashuka kwenye lori tu walimpa jina Bodaboda na jina limeganda mpaka leo.

Kabla ya hapa tulishampeleka kwa watu wengine, siyo Tanga, siwataji. Hao dawa yao ilikuwa lijamu kali zaidi, yaani chuma cha mdomoni, lile lenye vyuma virefu pembeni, ukivuta kidogo tu linambana taya. Tukalipa, likafungwa, na farasi akajifunza kitu kimoja tu, kukunja shingo mpaka kidevu kinagusa kifua ili lijamu lisimpate, huku kasi ileile. Sasa una farasi anayekimbia na haoni anakokwenda. Asante sana, na pesa hawakurudisha.

Hapa mwalimu ni mtu mzima, wote tunamwita Mzee, ujana wake kaumalizia kwenye mashamba yenye farasi huko kaskazini. Nikamwamkia, shikamoo Mzee, marahaba mwanangu, haya huyo mgonjwa yuko wapi. Mie nishavaa helmeti yangu nimekaa tayari kupanda nimwonyeshe, akasema bado, shuka kwanza kwenye huo mzuka wako. Akalivua lile lijamu kali akalitundika kwenye msumari na halijashuka pale mpaka leo. Halafu akaweka vidole viwili pembeni ya uti wa mgongo wa Bodaboda, akaanzia kwenye mabega kwenda nyuma, taratibu, anabonyeza, anaachia, anabonyeza. Alipofika pale tandiko linapokaa, upande wa kushoto, ngozi yote ikatetemeka, mgongo ukazama chini na masikio yakalala nyuma. Akarudia palepale, ikawa vilevile. Akachukua tandiko letu akaligeuza tumbo juu, akaniambia tia kiganja hapa. Pamba ya ndani upande mmoja ilikuwa imejikusanya imekuwa bonge gumu, unalihisi kabisa.

"Hiki ndo mnamkandamizia kila mkipanda," akasema, "halafu mnashangaa anakimbia. Anakikimbia hiki."

Hilo kwangu peke yake lilishalipa nauli. Maana ukiuliza watu kuhusu farasi mwenye haraka kila mtu atakwambia habari ya hatamu, mkono, kiboko, na hakuna anayekwambia anza na mgongo, mdomo na kwato. Mzee alikataa kata kata kuanza mafunzo mpaka daktari wa mifugo aje amtazame meno, kwa sababu meno ya farasi yanaendelea kuchomoza miaka na miaka na yanasagika kwa kutafuna, yasiposagika sawa yanabaki makali pembeni yanakata shavu kwa ndani, sasa hapo umtie lijamu umvute, atatulia kwa lipi? Daktari akaja, akayapiga msasa (wana tupa ndefu maalum, usiulize, sikutazama mpaka mwisho), na tandiko likafumuliwa likajazwa upya na fundi wa viti vya magari wa Ngamiani ambaye Mzee alisimama nyuma yake muda wote akimwelekeza. Hizo gharama ni zako, siyo za kwao, wanakwambia mapema na risiti wanakuletea.

Chakula nacho. Shemeji kwa mapenzi yake alikuwa anampa mahindi na pumba ndoo asubuhi ndoo jioni, kazi hana, kutwa amefungwa. Mzee akamwuliza, bwana mdogo, wewe ungekula ugali mara mbili na soda halafu ufungiwe chumbani ungekuwaje? Akakata mahindi yote. Sasa hivi ni majani, majani tena, na nyasi kavu. Akatueleza tumbo la farasi linatoa asidi muda wote hata kama hali kitu, limeumbwa kwa ajili ya mnyama anayekula kidogo kidogo kutwa nzima, kwa hiyo likikaa tupu masaa linajichoma, na farasi mwenye vidonda vya tumbo ni farasi mwenye hasira. Ndo maana hata dakika chache kabla ya kumpanda wanamrushia fungu la nyasi atafune, ile nyasi inakaa tumboni inazuia asidi isirukeruke akianza kukimbia. Sikuwahi kusikia hii popote, na mie ni mtu wa kusoma soma.

Na hapa pwani kuna tatizo jingine. Farasi kwenye joto hili ana maadui, kuna mbung'o kwenye mapori na kuna usubi, wale wadudu wadogo hata huwaoni, wanaobeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ugonjwa ambao ukimpata anaweza asimalize wiki. Usubi unauma zaidi kuanzia jua likizama mpaka alfajiri. Kwa hiyo mabanda yote mazuri yanaingiza farasi ndani kabla ya magharibi, na hawa nao wanafanya hivyo, wana wavu kwenye madirisha na moshi wa mavi makavu unafuka nje. Sasa farasi amekaa ndani usiku kucha, ukimtoa asubuhi ukamtandika hapohapo umetoa bomu. Utaratibu wao ni kwamba jua likishatoka vizuri wanaachiwa uwanjani wote pamoja, wabingirike, wakimbizane, watafune, ndo baadaye mtu anapanda. Hii ndo sababu vipindi vyao havianzi alfajiri, kwa wale mnaolalamika kwamba saa tatu jua kali. Jua kali ndiyo, vaa mikono mirefu.

Tuje kwenye kupanda kwenyewe.

Mafunzo ya mwanzo mie nilikuwa natembea tu. Kutembea! Pesa nimelipa natembezwa na farasi kwenye duara, shemeji kakaa juu ya uzio anakula machungwa anatoa maoni. Mzee ananiambia pumua kwa tumbo. Hesabu hatua kwa sauti. Legeza mapaja. Hapo ndo penyewe kwa sababu mtu akiogopa anabana magoti, na farasi mguu ukimbana anajua kaambiwa nenda, sasa juu mkono unamwambia simama na chini miguu inamwambia nenda, mnyama anachanganyikiwa anachagua kwenda. Ukilegeza mapaja ukaacha uzito ushuke visiginoni unahisi kabisa mgongo wake unabadilika chini yako. Siyo mara moja, ila unabadilika.

Halafu hatamu. Bodaboda alipoanza kuchanganya shemeji akapiga kelele kutoka kwenye uzio, mvute huyo shem, mvute! Mzee hata hakugeuka. "Bwana mdogo, huyo ana kilo mia nne na ushee, shuka uje umvute wewe." Akasema ukivuta hatamu zote mbili ukang'ang'ania umempa farasi kitu cha kuegemea, na mkiegemeana yeye ndo mshindi. Anachotaka ni hivi: unakaa wima, unakaza mgongo na vidole kidogo kama unamwomba asimame, halafu kabla hajasimama unaachia. Unaomba, unaachia. Unaomba, unaachia. Ule muda wa kuachia ndo anaojifunzia, siyo ule wa kukaza, na ukichelewa kuachia umemfundisha kwamba akitii hapati kitu.

Na kama kasi inapanda humvuti moja kwa moja, unamwingiza kwenye duara kubwa, mita 20 hivi kutoka upande hadi upande, unamwomba kwa hatamu ya ndani ageuze shingo kidogo tu uone kope ya jicho, na mguu wako wa ndani unamsukuma pembeni. Farasi anayekunja mwili kwenye duara hawezi kukakamaa mgongo vizuri, na hana njia ndefu iliyonyooka mbele ya kumtia wazimu. Ila hapa wako makini sana na mie nawapongeza, hawakubali umzungushe ghafla kwenye kiduara kidogo akiwa kwenye kasi, maana miguu inapishana anaanguka na wewe chini yake. Kuna video nyingi mitandaoni watu wanafanya hivyo wanapigiwa makofi.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni troti. Kwenye troti unainuka na kukaa, unainuka na kukaa kufuata hatua za farasi, si ndiyo? Mzee akasema usimfuate, inuka taratibu kuliko yeye. Kaa juu kidogo zaidi. Nikasema ntapoteza mdundo, akasema poteza. Raundi ya kwanza tukawa tunagongana tu mie na tandiko, raundi iliyofuata hatua zake zikaanza kurefuka, zikapoa, akanifuata mie badala ya mie kumfuata yeye, bila hatamu kuguswa. Kisha akashusha shingo. Akapiga pua ndefu ile ya mvuke, prrrrr, akaanza kutafuna lijamu, na masikio yakawa yanakwenda moja mbele moja nyuma kwangu. Mzee akaniambia mkune sasa hivi, usimpigepige makofi shingoni, mkune pale shingo inapokutana na mabega, ndipo wenyewe kwa wenyewe wanapokunana wakiwa uwanjani, na watu wameshapima, pakikunwa hapo mapigo ya moyo yanashuka. Farasi aliyetulia moyo wake unapiga kati ya 28 na 44 kwa dakika, saisi mmoja alinionyesha unavyouhesabu kwa kuweka vidole chini ya taya, nilimpima Bodaboda nimeshuka amepumzika, naona amefika wanapotakiwa.

Baadaye wakaongeza magogo. Wanalaza nguzo chini ovyo ovyo uwanjani, siyo kwa mstari, unatembea unazivuka kila moja kwa njia yako. Farasi lazima aangalie chini aweke miguu, na akiangalia chini shingo imeshuka yenyewe, na shingo ikishuka mgongo unapanda. Farasi mwenye haraka akiona magogo yamepangwa mstari anayavamia ayamalize, yakiwa ovyo hajui linalofuata liko wapi, inabidi akusikilize. Nimependa sana hii, tena haina gharama, nguzo zenyewe ni minazi iliyokufa.

Nje ya uwanja ni habari nyingine na hapa ndo naona wanawazidi wengine. Kuna njia za mkonge nyoofu mpaka unachoka kuziangalia, na farasi akishajua upande wa nyumbani ni upi, kurudi ni mbio. Kipindi cha kusi upepo unapiga majani ya mkonge yanagongana, na farasi anaona karibu pande zote isipokuwa moja kwa moja nyuma yake na chini ya pua, kwa hiyo kila kinachotikisika kinamhusu. Mzee anatanguliza farasi mkubwa mpole, anakuweka nyuma yake umbali wa kutosha, na ukigeuka kurudi sheria ni kwamba Bodaboda akianza kuharakisha tunageuka tena kwenda tulikotoka, tunafanya kazi kidogo, tunajaribu tena. Tukifika getini hatuingii, tunapita, tunakwenda kuzunguka shambani nyuma halafu ndo tunarudi. Kazi inafanyika karibu na nyumbani, kupumzika kunafanyika mbali, mpaka nyumbani kukome kuwa na utamu wa kukimbilia. Na mara nyingi tunashuka mbali na geti tunaingia tunamvuta kwa mguu, mkanda wa tumbo umelegezwa. Inachosha, na mkonge unachoma suruali, ila mwezi uliopita nimerudi kutoka upande wa baharini hatamu zimelegea mkono mmoja na Bodaboda anatembea. Anatembea kweli, hatua moja moja. Kwenye kanta, ile mbio ya kasi kuliko troti, bado anapandisha mori, sitaki kudanganya watu, wenyewe wanasema bado sana na hawaharakishi.

Sasa madhambi yao.

Choo. Jamani. Ni shimo lenye mlango wa gunia na maji uchote mwenyewe kwenye pipa, na pipa hilohilo farasi wananyweshewa. Kwa bei wanayotoza wajenge choo. Kivuli cha wanaosubiri hakuna, mwembe upo mmoja na chini yake kuna lundo la samadi. Helmeti zao ni chache na ni za vichwa vidogo, tena zinanuka majasho ya watu toka kipindi cha kaskazi, kama una ya kwako beba. Simu hawapokei asubuhi, ukituma meseji WhatsApp unajibiwa usiku "karibu" basi, hujui kama umewekwa kwenye ratiba au vipi, mara mbili tatu nimefika nakuta nafasi yangu kapewa mtoto wa mtu. Na Mzee akisafiri kijana anayemshikilia anajua kazi ila anaona aibu kumsahihisha mtu mzima, unapanda vibaya anakwambia "sawa tu dada", hapo pesa imepotea. Uliza kwanza kama Mzee yupo.

Bei, kipindi kimoja ni elfu arobaini, ukilipia mwezi inapungua, kulaza farasi na majani ni bei ya kuelewana na shemeji hajataka niiandike. Wanapokea M-Pesa ila mtandao wa kule unasuasua, beba taslimu. Kwa asiye na farasi wana wa kwao wapole, lakini ujue hawatakuacha uende ufukweni kukimbia mpaka waone unaweza kumsimamisha farasi bila kuvuta, na kuna mama mmoja alitoka na magari mawili ya wageni toka Dar akakataliwa akaondoka na matusi. Mie naona walifanya sawa. Mchanga wazi, maji yamekupwa mpaka kule, farasi mwenye haraka na mtu asiyejua, mmoja wao atarudi mwenyewe.

Kwenda kule bodaboda toka stendi wanataka pesa nyingi wakisikia "kwenye farasi", waambie unashuka njia panda ya Tongoni halafu mwelekeze ukishafika karibu. Vaa suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya mapaja na viatu vyenye kisigino kidogo, mguu usije ukapenya kwenye kikanyagio. Ukija na kandambili wanakurudisha, na nauli haihusiki.